Nimefumua shali ya lesi mara tatu, nianzie wapi?

Swali limetoka kwa msomaji wa Makambako: "Dada shikamoo. Nafuma mwaka wa sita sasa, masweta ya watoto, kofia, soksi, na wateja ninao. Mdogo wangu anaolewa Disemba, nikamuahidi shali nyeupe ya lesi nitamfumia mwenyewe. Nimeianza mara tatu. Nikifika mstari wa ishirini hivi matundu yanahama upande, vitanzi mara vimezidi mara vimepungua, sijui nimekosea wapi, nafumua yote. Mchoro niliotumiwa una vialama vingi siuelewi vizuri. Natumia spoku za baiskeli na uzi wa kawaida wa dukani. Saa hizi hata nikishika ule uzi mweupe mikono inakosa nguvu. Naomba msaada."

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa harusi inayokuja. Swali lako nimelisoma mara mbili na kuna mahali nimesimama, pale uliposema hujui umekosea wapi. Hapo ndipo penye tatizo, mengine yote ni madogo. Mtu aliyefuma masweta miaka sita mikono yake haina shida, ila kwenye sweta ukikosea unaona papo hapo manake kitambaa kimejaa, kosa linajitokeza kama doa, na kwenye lesi kitambaa kina matundu ya makusudi kila mahali kwa hiyo tundu la kosa linajificha katikati ya wenzake, unakuja kushtuka mistari kumi mbele na hapo huna pa kushika. Nimefundisha akina mama na mabinti wengi na wanaoogopa lesi wote wanafanana kitu kimoja, wanajua dawa moja tu ya kosa, kufumua mpaka mwanzo. Kama dawa ni hiyo peke yake nani asingeogopa? Kwa hiyo leo nitakufundisha zaidi kurekebisha kuliko kufuma, kufuma unajua.

Kwanza spoku. Mimi pia nimejifunzia spoku, nyumbani kwetu sindano za dukani tulikuja kuziona baadaye sana, kwa hiyo sizidharau hata kidogo. Lakini spoku ya kawaida ya baiskeli ina unene wa milimita 2 hivi, na lesi yenyewe inataka sindano nene kuliko uzi unavyodai, ili vitanzi vikae wazi na matundu yapumue. Ukifuma uzi wa sweta kwa spoku unapata kitambaa kigumu kama mkeka, matundu yanajibana, na sindano haiingii kwenye vitanzi viwili kwa pamoja bila kuvuta na kulazimisha, na ukilazimisha kinachopona hapo ni bahati. Tafuta sindano za milimita 4.5, kama uzi wako ni ule mwembamba kidogo basi milimita 4. Na dukani usiulize kwa namba peke yake, namba 8 ya Waingereza ni milimita 4 na namba 8 ya Wamarekani ni milimita 5, zote utazikuta kapu moja, soma milimita zilizoandikwa au pima kwa rula. Ukipata za mianzi au mbao chukua hizo kwa shali ya kwanza, zinashika vitanzi, za chuma zinateleza sana na kwa mtu mwenye wasiwasi kitanzi kuteleza ndo kitu cha mwisho anachokitaka.

Sasa hesabu ya lesi, na hii naomba uielewe kabla hujagusa uzi. Lesi yote imejengwa kwa vitu viwili, tundu na kupunguza. Tundu unalipata kwa kuleta uzi mbele ya sindano alafu unafuma kitanzi kinachofuata kama kawaida, ule uzi unapanda juu ya sindano na unahesabika kama kitanzi kipya. Kupunguza ni kufuma vitanzi viwili pamoja vikawa kimoja. Kila tundu linaongeza kimoja, kila viwili-pamoja inapunguza kimoja, na kwenye mitindo mingi ya shali iliyonyooka hivi viwili lazima vilingane katika mstari mmoja. Yaani mwisho wa mstari idadi inarudi ileile uliyoanza nayo. Vikipungua kimoja, mara nyingi umesahau tundu. Vikizidi kimoja, umepita mahali pa viwili-pamoja ukafuma kimojakimoja, au uzi umejipitisha mbele bila wewe kujua. Hayo ndo makosa yanayokusumbua, ni mawili tu, hata kama kwenye sindano yanaonekana mia.

Mchoro uliotumiwa uweke kando kwanza. Sijauona lakini kwa unavyoeleza nahisi una matundu kila mstari, mbele na nyuma, na hiyo ni lesi ya watu waliokwishazoea. Kuna lesi ambazo mstari wa kurudi hauna kazi, unapumzika, unahesabu, unaangalia ulichofanya, na mwanafunzi wa lesi anatakiwa aanzie huko. Mimi nataka uanze na mtindo mmoja wa zamani unaitwa Old Shale, umetoka visiwa vya Shetland, kaskazini kabisa ya Uskoti, na unatoa mawimbi mazuri sana kwenye shali. Wanawake wa huko, hasa kisiwa cha Unst, walifuma shali za sufu nyembamba mpaka shali nzima inapenya kwenye pete ya ndoa, ndo maana zikaitwa shali za pete. Na ukizichunguza hizo shali unakuta ni vilevile vitu viwili nilivyokutajia, tundu na viwili-pamoja, vimepangwa kwa subira.

Mtindo wenyewe ni huu. Fungu moja lina vitanzi 18, na mawimbi yanakamilika kwa mistari minne. Mstari wa kwanza unafuma kawaida wote. Wa pili, wa kurudi, unafuma kinyume wote. Wa tatu ndo wenye kazi: viwili-pamoja mara tatu, alafu tundu na kitanzi kimoja cha kawaida, tundu na kitanzi kimoja, hivyohivyo mara sita, alafu viwili-pamoja mara tatu tena. Wa nne, wa kurudi, unafuma kawaida wote, ndo unaoacha ule mstari wa tuta unaotenganisha mawimbi. Basi unarudia. Hesabu mwenyewe, viwili-pamoja sita vinapunguza sita, matundu sita yanaongeza sita, 18 inabaki 18. Ongeza vitanzi vitatu kila upande vya pindo ambavyo unavifuma kawaida siku zote ili shali isijikunje. Umeona? Kati ya mistari minne, mitatu ni kazi ambayo unaifanya huku unaongea na mteja. Ni mmoja tu unaohitaji ukae kimya.

Usianze na shali. Anza na kipande cha kujaribia, vitanzi 24, fungu moja na pindo zake, na tumia uzi wa rangi ya kung'aa kama maziwa au njano, usitumie mweusi au bluu ya shule manake hutaona kitu usiku, na usitumie ule wenye manyoya. Fuma mawimbi manne, hapo mistari ni 16. Alafu simama ukitazame. Weka kwenye mwanga wa dirisha, vuta kidogo kwa vidole viwili, na ujifunze sura ya kila kitanzi. Kitanzi cha kawaida kina sura ya herufi V. Viwili-pamoja utaona kitanzi kimoja kimempanda mwenzake mgongoni na vyote vimelalia kulia. Tundu ni uzi uliopita kimshazari juu ya sindano, na chini yake hakuna kitu, hakuna shingo, hakuna V, pako wazi unaona hadi paja lako. Kaa nalo hilo mpaka uweze kuangalia mstari wa tatu ulioufuma jana ukausoma, hapa viwili-pamoja, hapa tundu, bila kushika karatasi. Kwa wengine inachukua jioni moja, kwa wengine wiki. Usiharakishe hapa, mimi naamini kabisa kwamba mtu anayesoma vitanzi vyake hahitaji ujasiri mwingine.

Ukishaweza kusoma, kiharibu. Ndiyo, kwa makusudi. Fuma mstari wa tatu ukiruka tundu moja kwa kutaka, endelea na wa nne mpaka uhesabu ukute 23 badala ya 24. Sasa litafute. Utaliona kwa sababu kati ya matundu sita yako yako matano tu, na mahali pake kuna vitanzi viwili vimebanana. Katikati yao, mstari wa chini, kuna kauzi kamelala kama daraja. Kanyanyue kwa ncha ya sindano, kaweke kwenye sindano ya kushoto kama kitanzi, kafume. Tundu limerudi. Litakuwa dogo kidogo kuliko wenzake, ukivuta vitanzi vya jirani kidogokidogo litafunguka, na likishanyooshwa hakuna binadamu atakayelijua. Alafu haribu tena, safari hii ruka viwili-pamoja. Utapata kimoja cha ziada, unarudi kitanzi kimojakimoja bila kutoa sindano, unaingiza ncha ya kushoto kwenye kitanzi cha chini yake, unavuta uzi unatoka, kimoja, kingine, kingine, mpaka ulipokosea. Ni polepole lakini hakipotei kitu. Mwisho kabisa, na hili wanafunzi wangu wengi wanafumba macho wakilifanya, angusha kitanzi kimoja chini kikatize mistari miwili kwenye ile sehemu ya kawaida ya pindo, alafu kipandishe na ndoano ya kufumia vitambaa, daraja moja baada ya jingine. Ukifanya hayo mara mbili tatu kwenye kipande ambacho hakina thamani, siku kitanzi kikianguka kwenye shali ya mdogo wako moyo utashtuka kidogo tu alafu mikono itajua pa kwenda.

Kosa moja jingine dogo: kuna wakati tundu lipo, hesabu iko sawa, lakini limejifunga. Hapo kwenye mstari wa kurudi umelifuma kwa mgongo wa nyuma, uzi ukajipinda. Liangalie limekaaje kwenye sindano, mguu wake wa mbele ndo unaoingizia.

Sasa kitu ambacho kingekuokoa zile mara tatu zote. Uzi wa usalama. Chukua sindano butu ya kushonea sufu, tunga uzi mwembamba laini wa kushonea, mrefu kuzidi upana wa kazi, na ukimaliza mstari wa nne na ukahesabu ukakuta vitanzi vimetimia, upitishe ule uzi ndani ya vitanzi vyote vilivyo kwenye sindano, ncha zining'inie pande zote mbili. Alafu endelea kufuma kama kawaida. Uzi unabaki umelala ndani ya mstari ule. Ukija kuharibikiwa juu huko na ukashindwa kurekebisha, unachomoa sindano bila hofu, unafumua mpaka kwenye ule uzi, vitanzi vyote vimekaa pale vimepangana, unavirudisha kwenye sindano na unaendelea. Kila mawimbi matano weka mwingine, na usitoe wa chini mpaka uwe na miwili juu yake. Uangalie usipite ndani ya zile alama nitakazokwambia mbele, utaganda. Na rangi yake usichukue nyekundu juu ya shali nyeupe, ikilowa inaweza kuacha doa, chukua samawati iliyopauka au kijivu ambacho umeshakifua kikaonekana hakichuji, na utoe nyuzi zote kabla ya kuosha.

Nakwambia kwa msisitizo hivi kwa sababu yalinikuta. Shali yangu ya pili ya lesi maishani nilikuwa nimefika mawimbi arobaini na kitu, imebaki robo, nikaiacha kwenye kiti nikaenda kuepua maharage, mtoto akaona zile sindano akavuta moja. Nilirudi nikakuta vitanzi tisini na kitu viko wazi na mtoto anaburuta uzi kuelekea mlangoni. Sikuwa na uzi wa usalama. Nilikaa chini nikajaribu kuokota, nikaokota matundu nikadhani vitanzi, nikaokota mistari miwili tofauti kwa mara moja, mwishoni nikafumua yote nikalia kweli, na sikugusa lesi karibu mwaka mzima. Mwaka mzima, kwa kitu ambacho uzi wa kushonea wa mita moja na nusu ungekizuia. Tangu hapo sijafuma lesi bila huo uzi hata siku moja na sioni aibu, wala usione aibu.

Alama ni kitu kidogo lakini ndo dawa ya matundu kuhama upande. Ukikosa alama, kosa la kitanzi kimoja kwenye fungu la kwanza linasukuma mafungu yote yanayofuata, ndo unaona wimbi linatembea. Ukiweka alama kila baada ya vitanzi 18, kosa linafungiwa kwenye chumba chake, unahesabu 18, 18, 17, umelipata, hujagusa mengine. Alama si lazima ununue, funga vipete vya uzi wa rangi nyingine, au kata mrija wa soda vipande vyembamba, vinapita vizuri kwenye sindano ya 4.5. Zinakaa kwenye sindano tu, ukifika unazihamisha. Na uzuri wa mtindo huu fungu linaanza na kuishia na viwili-pamoja, kwa hiyo hakuna tundu linalokaa jirani na alama, maana tundu lina tabia ya kuruka alama likaingia fungu la jirani, na hapo hesabu inakuchanganya kweli.

Kuhusu mchoro, wala usiuogope, ni picha ya kitambaa kikitazamwa kwa mbele. Kila kisanduku ni kitanzi kimoja, kila safu ya visanduku ni mstari mmoja. Unasoma kuanzia chini kwenda juu kwa sababu kufuma nako kunaanzia chini. Mistari ya mbele unasoma kutoka kulia kwenda kushoto, waliopita madrasa hapa wanaelewa haraka kuliko wengine, mistari ya kurudi unasoma kushoto kwenda kulia. Duara ni tundu. Kimstari kilicholalia kulia ni viwili-pamoja vya kawaida, kilicholalia kushoto ni viwili-pamoja vinavyoegemea kushoto, hivyo unahamisha vitanzi viwili kimojakimoja kwenda sindano ya kulia kama unataka kuvifuma, alafu unaingiza sindano ya kushoto kwa mbele yake unavifuma pamoja kwa mgongo. Kisanduku kilichopakwa kijivu mara nyingi maana yake hakuna kitanzi hapo, ruka, endelea, wengi wanapotelea hapohapo. Angalia maelezo ya alama pembeni ya mchoro kila mara, waandishi hawafanani. Alafu weka rula au kipande cha karatasi JUU ya mstari unaoufuma, usiweke chini, ili uendelee kuona mistari uliyokwisha kufuma na ulinganishe na kilichopo mkononi. Zoezi zuri ni uchore mwenyewe huo mtindo niliokupa kwenye daftari la hesabu lenye visanduku. Ukiweza kuuchora, mchoro wa mtu mwingine hautakushinda.

Uzi. Huu wa dukani wa kawaida karibu wote ni wa akriliki, na unafaa, usimsikilize anayekwambia lesi lazima sufu. Ila una tabia yake ambayo nitaisema kwenye kunyoosha. Nunua mabonge yote siku moja na uangalie namba ya rangi kwenye karatasi ziwe sawa, mdogo wangu hata weupe unatofautiana, bonge moja linaelekea maziwa jingine linaelekea chokaa, na kwenye picha za harusi itaonekana.

Kuanza vitanzi, anza kwa ulegevu. Mimi naanzia kwenye sindano mbili zilizoshikwa pamoja alafu nachomoa moja. Na kufunga vilevile, ukifunga kwa kubana mwisho wa shali utajivuta kama mdomo wa mfuko wa kamba na mawimbi yako yote yatakufa pale mwishoni. Fuma viwili pamoja kwa mgongo, kile kilichopatikana kirudishe sindano ya kushoto, fuma tena viwili pamoja kwa mgongo, hivyo hadi mwisho, kufunga huku kunavutika vizuri. Ukiwa na sindano nene zaidi tumia hiyo kwa huo mstari mmoja.

Na hapa nataka nikutahadharishe, kwa sababu nahisi moja ya zile mara tatu hukuwa umekosea kabisa. Lesi ikiwa bado kwenye sindano ni mbaya. Inajikunja, imesinyaa, haina umbo, unaiona kama tambara la jikoni. Wengi wanafumua hapo wakidhani wamekosea. Uzuri wake haujatoka bado, unatoka kwenye kunyooshwa. Ndiyo maana kile kipande cha majaribio ukikimaliza usikitupe, kinyooshe, ukione kinavyofunguka, ili ukiwa katikati ya shali ukumbuke kinakuja nini.

Sufu au pamba unaloweka maji ya vuguvugu dakika ishirini bila kusugua, unakunja kwenye taulo unakandamiza maji yatoke, alafu unatandika godoro au mkeka wenye khanga juu yake, unavuta shali kwa pini zisizoshika kutu, kila ncha ya wimbi na pini yake, mpaka matundu yafunguke, unaacha ikauke kabisa. Huko Shetland wanazinyoosha kwenye fremu za mbao, na fundi seremala yeyote wa Makambako anaweza kukutengenezea mstatili wa mbao nne wenye misumari midogo ukaendelea kuutumia kwa wateja. Akriliki sasa, maji peke yake hayatoshi, ikikauka inarudi kusinyaa. Inataka mvuke. Ivute kwa pini ikiwa kavu, chukua pasi yenye mvuke au funika kitambaa chepesi kilicholowa, pitisha pasi JUU yake bila kugusa, sentimita mbili tatu hewani, mvuke uingie, acha ipoe hapohapo kwenye pini ndo uitoe. Pasi ikigusa akriliki inayeyuka, inalala bapa inang'aa kama nailoni na hairudi tena, kwa hiyo jaribia kwenye kile kipande kwanza, mara mbili, tatu, mpaka ujue pasi yako.

Baada ya kunyoosha kipande, pima upana wa fungu moja. Tuseme limetoka sentimita 10. Basi mafungu matano na pindo yanakupa shali ya nusu mita na ushee, unaanza na vitanzi 96. Urefu wa sentimita 170 unatosha kwa mabega ya bibi harusi na kushuka mbele. Kama wimbi moja limetoka sentimita 2, unahitaji mawimbi 85. Pima na muda wako kwa saa ya simu, wimbi moja la vitanzi 96 likikuchukua dakika 25 basi kazi nzima ni saa 35 hivi. Saa moja kila jioni ukishamaliza kazi za wateja ni wiki tano, weka saba manake umeme utakatika na wageni watakuja. Kwa hiyo toa mwezi mzima kwa vipande vya kujaribia, na kama nafsi inataka kitu cha katikati fuma kitambaa cha meza cha mafungu mawili, vitanzi 42, kwa uzi wa pamba, hicho utakiuza.

Mstari wa tatu usiufume ukiwa umechoka, au ukiwa unaongea, au saa mbili usiku kwenye taa hafifu. Ukijikuta uko katikati na mtu amebisha hodi, maliza fungu mpaka alama ndo uinuke. Na usiache kazi katikati ya mstari wa tatu ukalala, kesho yake hutakumbuka ulikuwa tundu la ngapi, ingawa sasa utakuwa unaweza kulisoma.

Shali ikiisha usiipelekee mvuke siku ya mkesha wa harusi na watu wamejaa ndani. Kama harusi ni Jumamosi, iweke kwenye pini Jumatano, chumba kilichofungwa, watoto wasiingie, iache mpaka Alhamisi jioni, alafu ikunje kwa kuiviringisha kwenye khanga safi ili isipate mistari ya mikunjo, na umwambie mdogo wako asiitundike kwenye msumari, inavutika. Kile kipande chako cha vitanzi 24, chenye tundu ulilolirudisha kwa mkono, kiweke kwenye kikapu cha kufumia.